Nyumba Ndogo Chini ya Mteremko

Mikidadi alipata kiwanja cha mteremko, na watu wa Bagamoyo, ambao wakikosa la kusema hulitafuta hadi walipate, walilipata hapo hapo. "Cha mteremko kwa maana ipi?" walimwuliza wakitafuta viatu vyao nje ya msikiti. "Kimeinama, au umekipata bila kutoka jasho?" Akawajibu ni vyote viwili. Alikirithi kwa mjomba wake, huko Kerege ndani, ukiiacha lami na kukata mashamba ya mihogo mpaka pale ardhi inapoamua kushuka bondeni. Mjomba mwenyewe hakuwahi kupanda kitu hapo kikatulia. Kila alichopanda, mvua ilimpelekea jirani.

Mkewe Mwaija hakujali kama kiwanja kimeinama, kimesimama au kimelala kifudifudi. Mwaija alitaka jiko. Hilo ndilo jambo lenyewe, lishike vizuri, maana mengine yote humu ni bati na misumari.

Tangu siku alipoingizwa bibi harusi kwenye nyumba ya ukoo wa mumewe, ile nyumba ya mawe ya ghorofa mjini Bagamoyo, jiko lilikuwa la wifi yake. Wifi huyo ni Sada, dada mkubwa wa Mikidadi, mwanamke aliyeolewa mara mbili na kurudi nyumbani mara mbili, na mara zote mbili alipitiliza jikoni kabla hata ya kuvua baibui. Hakuwa mkorofi. Laiti angekuwa mkorofi, Mwaija angepata la kusema kwa watu. Sada alikuwa mtu wa adabu, mwenye kuswali na mwenye mkono mtamu, na alikuwa akiuonja mchuzi wa Mwaija kwa ncha ya kidole, anasema, "Mashaallah, wifi, umejitahidi," kisha anauongeza chumvi. Mwaija amezaa humo, amelea humo, amemwoza mwanawe Najim humo, na mpaka leo akitaka kukuna nazi huuliza kwanza mbuzi kawekwa wapi.

Sasa warithi walikubaliana kuiuza nyumba ya ukoo, kila mtu akatafute pa kulaza ubavu. Mikidadi angejenga Kerege. Sada angekwenda Pangani kwa ndugu yao mwingine, Mahmoud, mwenye nyumba na nafasi. Hivyo ndivyo Mwaija alivyojiambia, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia vingine, akaona limepita. Akaanza kusimama mbele ya maduka ya vyombo na kuchagua masufuria kwa macho.

Kazi ya kuchora nyumba alipewa Hafidha, binti wa marehemu dada yake Mwaija. Mwaija ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, akamsomesha kwa kuuza vitumbua mpaka akatoka msanifu majengo. Hafidha alimwita Mwaija mama mdogo, na Mikidadi baba mdogo. Mtoto ana heshima na hana makuu, ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona nyumba akanyamaza. Akipelekwa harusini, wenzake wanatazama bibi harusi, yeye anatazama dari na kuuliza joto linatokea wapi.

Mwaija alimpa maelekezo yake yote. Vyumba vitano. Sebule ya kusomea maulidi. Nguzo nne mbele, nene, za kutisha wageni. Vioo vyeusi madirishani, na kiyoyozi kila chumba. Na kabla ya yote, lije tingatinga likisawazishe hicho kilima ambacho mjomba wa watu alishindwa nacho. Hafidha alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaanza kubomoa.

"Mama mdogo, kilima hatukikati. Ukikikata, masika ya kwanza tu yatakuja kukudai udongo wake."

Nyumba, alisema, itashuka pamoja na mteremko: sehemu ya juu, kisha ngazi chache, kisha sehemu ya chini, kama watu waliokaa jukwaani uwanja wa mpira, kila mmoja akiona juu ya kichwa cha mwenzake. Ubavu mrefu utatazama kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni likute kuta fupi tu, na paa litokeze nje kwa upana liwape kuta kivuli. Upepo hupanda kutoka bondeni, basi ataufungulia madirisha ya chini chini, na juu karibu na dari ataacha matundu, kwa sababu joto ni jepesi na likipewa njia huondoka lenyewe. Kuta zitakuwa za udongo wa hapo hapo, ulioshindiliwa na saruji kidogo. Tangi la maji ya mvua litakaa upande wa juu, na maji yatashuka yenyewe mpaka jikoni bila pampu. Vyoo, na hapo Mikidadi alikohoa, alikuwa amevigeuza vitazame magharibi. Nyumba nzima inaelekea kaskazini, na kibla cha pwani hii ni kaskazini. Msanifu asiye na akili angemfanya mzee wa watu achuchumae kuelekea kibla na kupata dhambi kila asubuhi mpaka kufa kwake.

"Na kiyoyozi?" Mwaija aliuliza.

"Hakuna, mama mdogo."

"Nikiona joto je?"

"Hutaona."

Mwaija alimtazama akajuta vitumbua vyake. Lakini kwenye ile karatasi palikuwa na jiko, tena jiko kubwa, limewekwa upande ambao moshi unakwenda zake mlimani bila kuaga, na kwa ajili ya jiko hilo akaacha kugombania nguzo. Chini ya ngazi aliona palichorwa chumba kimoja, choo chake, kibaraza na jiko jingine dogo. Aliuliza la nini. Mikidadi akasema ni la kuchemshia kahawa wageni wakija. Likabaki suala la ukubwa tu, maana Mwaija bado alitaka vyumba vitano na Hafidha alikuwa amegoma kwenye vitatu.

Mikidadi alifanya kazi kwenye mashine za boti za kwenda Unguja mpaka akastaafu, na masikio yake aliyaacha huko huko kwenye mashine. Simu kwake ni ya spika. Anaiweka juu ya meza, anaiinamia na kuikaripia, na mtaa mzima unajua kinachoendelea. Asubuhi moja alikuwa ameketi ukumbi wa chini akizungumza na Hafidha, na Mwaija alikuwa anashuka ngazi na beseni la nguo.

"Baba mdogo, msimamo wangu ni ule ule," ilisema sauti ya Hafidha. "Nyumba ndogo."

"Nyumba ndogo," Mikidadi alirudia kwa nguvu, kana kwamba anaamrisha nanga itiwe.

"Nyumba kubwa itakumaliza. Kwa umri wako huo, nyumba kubwa ya nini? Inakula luku, kila mwezi inataka matengenezo, na joto lake usiseme. Nyumba ndogo unaimudu. Ina upepo, haina makelele, haikuombi kitu."

"Na mimi nimeshaipenda. Ila Mwaija."

"Mama mdogo tutamzoesha taratibu."

"Na huyu atakayekaa chini? Mama mdogo wako akijua ataniua."

"Hilo la atakayekaa chini ni lako, baba. Mimi nachora tu. Lakini mwambie kabla msingi haujachimbwa."

Sasa, hakuna Mswahili anayehitaji kutafsiriwa nyumba ndogo ni kitu gani. Nyumba ndogo ina hina na udi, ina simu isiyopokewa mbele za watu, na kwa kawaida ni mdogo kuliko mkeo. Mwaija aliketi kwenye ngazi na beseni lake mapajani.

Tuseme ukweli, haikuwa habari ya Mikidadi mwenyewe. Mikidadi, Mungu amweke, alikuwa na kitambi na goti linalolia, na kama kulikuwa na mwanamke aliyemtamani, basi amchukue pamoja na vidonge vyake vya presha. Kilichomuuma Mwaija ni lile jiko la chini. Maisha yote ameshika mwiko wa mtu mwingine, na leo anahamishwa Kerege ili akalikute jiko jingine lenye mwanamke mwingine, hatua chache tu kutoka kwake. Na anayelichora ni mtoto aliyemlea yeye. Iliuma, akalia kidogo, akajifuta na shuka mbichi iliyokuwa juu ya beseni, akaenda kuanika.

Hakumwuliza mumewe kitu. Kimya kingi kina mshindo, na Mwaija aliamua mshindo wake usilie hovyo. Alikwenda jikoni, akamkuta Sada anachambua mchele.

"Wifi," alisema, "mdogo wako anataka kuoa."

Mkono wa Sada ulisimama juu ya ungo. "Nani kasema?"

"Nimesikia mwenyewe. Anamjengea kule Kerege. Kamwekea sehemu ya chini, ana chumba, ana jiko, ana choo chake."

"Sehemu ya chini?"

"Ya chini."

"Ile yenye kibaraza?"

"Hiyo hiyo."

Sada aliweka ungo chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuurusha. Mwaija, kwa hasira zake, hakujiuliza wifi yake kajuaje habari za kibaraza. Aliona tu uso wa Sada umebadilika rangi, na midomo imebana.

"Huyu mtoto hana haya," Sada alisema. "Mtu mzima, mwenye wajukuu. Lini mnakwenda huko kiwanjani?"

"Jumamosi."

"Tunakwenda sote. Akanieleze mimi mbele ya huo mteremko wake."

Mwaija hakuwa amezoea kutetewa ndani ya nyumba ile, wala hakujua mtu akitetewa hufanya nini. Akachukua mchele nusu, wakachambua pamoja. Siku hiyo Sada alipoonja mchuzi hakuongeza kitu, alimpa Mwaija mwiko akasema, "Tazama wewe, wifi, mimi leo ulimi hauna kazi." Mwaija alijiona ana dada. Alifikiri, ukimpata mke mwenza angalau na wifi unampata, hasara haikosi faida.

Jumamosi Hafidha alikuja na kigari chake, akatoa shikamoo mbili, akapokea marahaba mbili baridi. Alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Hachimbi msingi mpaka wenye nyumba wamekaa ndani ya ramani, yaani anaichora nyumba nzima chini kwa chokaa, kuta na milango, kisha anawaambia watu waingie waishi humo mchana mmoja. Wengi, alieleza akiendesha, huona makosa yao hapo, kabla saruji haijawaona. Mikidadi alikaa mbele akasifia upepo kutoka mjini hadi njia ya kuingilia Kerege. Nyuma, wanawake wawili walikaa wima na mikoba mapajani.

"Mbona kimya huko?" Hafidha aliuliza.

"Tunapunguza matumizi ya umeme," Sada alisema.

Fundi alikuwa ameshamwaga chokaa tangu asubuhi, akaenda zake kunywa chai. Nyumba ilikuwa imelala juu ya mteremko, nyeupe, haina urefu wa hata kidole. Hafidha aliwapa masharti: wapite milangoni, wasivuke kuta, na kila mtu afanye kama yuko kwake. Mikidadi alitii mpaka ikawa aibu. Aliingia ukumbini, akageuka akafunga mlango usiokuwepo, akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule na kuwatazama mbuzi wa jirani kwa macho ya mtu anayetazama taarifa ya habari. Baadaye alikwenda chooni kupima upana, akachuchumaa, akatazama magharibi, akaridhika.

Mwaija alipita moja kwa moja mpaka jiko la juu. Akasimama katikati. Hapa meko, hapa sinki, hapa mtungi, na huku nyuma dirisha refu la kutolea moshi. Aliinua mkono akashika rafu iliyokuwa bado haijajengwa, na kwa muda mfupi akawasamehe wote, mume, mtoto wa dada, hata huyo kimada. Kisha akakumbuka kilichomleta, akashuka ngazi za chokaa.

Chini kulikuwa na upepo. Ulikuwa unapanda kutoka bondeni, unafika pale kwanza, mpya, kabla haujakwenda kwa mtu mwingine. Chumba kilikuwa kidogo na safi, jiko lina mlango wake, kibaraza kinatazama bonde lote hadi kule miti inapokwisha. Mwaija alikaa kwenye kibaraza hicho akaona uonevu ulivyopangwa vizuri. Huyo mwenzake alikuwa amepewa mahali pazuri kuliko yeye.

"Baba Najim," aliita, "shuka huku."

Mikidadi alishuka na goti lake. Hafidha akamfuata, na Sada nyuma yao.

"Huku anakaa nani?"

"Eeh?" alisema Mikidadi. Masikio yake yana tabia ya kuziba zaidi yakiulizwa.

"Nauliza nyumba ndogo yako inaitwa nani. Ina jina, au inaitwa hivyo hivyo?"

"Nyumba ndogo gani, mama mdogo?" Hafidha aliuliza.

"Wewe nyamaza. Nimekulisha vitumbua mpaka umepata akili, na hiyo akili unamchorea baba yako mdogo kimada. Nyumba kubwa itakumaliza. Inakula luku. Inataka matengenezo kila mwezi. Mimi hayo matengenezo niliyapata lini? Hata jino langu liling'olewa halikurudishwa."

Hafidha alimkodolea macho. Kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akainama, akakaa chini juu ya ukuta wa chokaa na kuufuta wote kwa makalio. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoweza kusema, alisema nyumba, nyumba ya kuta na paa, vyumba vitatu badala ya vitano. Ndogo, kwa sababu ndogo haipati joto na haili umeme. Wallahi, alisema, hajui baba mdogo kama hata ana namba ya mwanamke yeyote kwenye simu zaidi ya muuza samaki.

"Na huyo ana wajukuu kumi," Mikidadi alichangia, masikio yakiwa yamefunguka.

Mwaija aliona aibu ikimpanda mwilini. Angeweza kuishia hapo, acheke, warudi mjini, na kisa kiwe cha kusimuliwa kwenye shughuli. Lakini alikuwa mtu wa kukumbuka maneno.

"Basi nyumba ni nyumba," alisema. "Na yule atakayekaa chini? Ulisema nikijua nitakuua. Umesema kwa mdomo wako, tena kwa spika."

Mikidadi alitazama bonde. Hafidha akajipangusa chokaa polepole, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye anachora tu.

"Ni mimi, wifi," alisema Sada.

Alikuwa amesimama kwenye ngazi, mkoba mkononi, hajakanyaga ndani.

"Kwa Mahmoud sikutakiwa. Mkewe kasema nafasi hakuna, na nafasi ipo. Mikidadi akaniambia atanijengea huku chini. Nikamwambia mwambie mkeo. Akasema kesho. Kila nikimwuliza, kesho. Ulipokuja jikoni ukaniambia kuna mwanamke anawekwa chini, mimi nilijua nimenyang'anywa chumba changu. Nimepanda gari leo kuja kugombania chumba."

Kwa hiyo ule udada wote wa juu ya ungo wa mchele ulikuwa hivyo. Wanawake wawili walikuwa wamekasirikia mtu mmoja kwa sababu mbili. Mwaija alitaka kucheka ikashindikana, akamgeukia mumewe.

"Bora ungeoa," alimwambia. "Kweli, Mikidadi, bora ungeoa. Mke mwenza ningemchukia, na watu wangenisaidia kumchukia. Dada yako nimchukie vipi? Ananiita wifi kwa upole. Nikiugua ananisomea dua. Na chumvi yake anaitia baada ya yangu, kila siku, na mimi nasema ahsante." Sauti ilimkatika, akaitafuta akaipata. "Mimi nilitaka jiko. Sikutaka nguzo wala vioo vyeusi. Nguzo nilizitaja ili nikiziacha uone kuna kitu nimekuachia, na wewe uniachie hilo moja."

Mikidadi alisikia kila neno bila kuambiwa mara mbili. "Jiko la juu ni lako," alisema. "Dada ana lake huku. Kila mtu na lake."

"Usimdanganye," Sada alisema. "Nitapanda. Najijua. Nikiona moshi wa mtu anayeunguza vitunguu, hizo ngazi zitanibeba zenyewe." Alisema hivyo bila ubaya, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Sina mahali pengine, wifi. Ningekuwa napo nisingekuja kukaa miguuni pako."

Sada alikuwa amesema kweli tupu, na Mwaija alijua kwamba akimfukuza leo, kesho atakuwa anapika kwenye jiko lake huku akimkumbuka, na hiyo nayo ni njia ya wifi kukaa jikoni. Akamgeukia Hafidha.

"Upepo huu unapanda tu, haushuki?"

"Karibu siku zote unapanda, mama mdogo."

"Kwa hiyo wa juu wakipika, huku chini harufu haifiki."

"Haifiki. Inakwenda nyuma, mlimani."

"Na mlango wa huku unafungwa kwa ndani?"

"Unafungwa."

Mwaija aliinuka pale kibarazani. Alipita mlangoni kama alivyoelekezwa, hakuvuka ukuta, akaingia kwenye jiko dogo, akatandika mtandio wake juu ya udongo na kukaa.

"Mimi nakaa huku," alisema. "Nyinyi kaeni juu."

Mikidadi alimtazama, akamtazama dada yake, akamtazama mtoto wa watu aliyesomea kazi hii. "Nyinyi kina nani?"

"Wewe na dada yako. Mmezaliwa tumbo moja, chumvi yenu moja. Jiko kubwa ni lake, analistahili, amelipikia watu maisha yake yote. Mimi nipe hili."

"Mama Najim, watu watasema nini? Mke wa ndoa anakaa nyumba ndogo?"

"Si umesema mwenyewe umeshaipenda? Ina upepo, haina makelele, haikuombi kitu."

"Lakini mama mdogo," Hafidha alisema, na hapa usanifu uliishinda adabu, "jiko hili ni dogo sana. Nililichora kwa mtu mmoja. Hata meza ya kukatia haitoshi."

"Lina mtu ndani?"

"Halina."

"Basi ni kubwa."

Sada aligeuka akapanda ngazi za chokaa mpaka jiko la juu, akazunguka ndani yake pole pole, akapima kwa hatua umbali wa meko na dirisha. Pale pa kuweka mtungi, alisimama akapangusa uso kwa ncha ya kanga. Hafidha alikwenda kukaa kibarazani, akaanza kurefusha ukuta wa jiko dogo kwa kidole kwenye mchanga, akafuta, akarefusha tena.

Mikidadi alibaki katikati. Goti lilikuwa linamuuma, jua lilikuwa limepanda, na mkewe alikuwa pale mbele yake, karibu kiasi cha kumgusa, amekaa juu ya mtandio na kumpa mgongo. Aliinua mguu kuuvuka mstari.

"Usivuke ukuta, mdogo wangu," Sada alimwambia kutoka juu. "Kuna mlango."

Aliurudisha mguu. Akauzunguka ukuta wote wa chokaa akichechemea, mpaka palipokuwa na uwazi, akasimama hapo na mikono yake haijui pa kukaa. Mtu huyu, tangu amemwoa Mwaija, alikuwa akiingia kila mahali alipo, akitafuta maji, soksi, miwani, chaja. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali anapaswa kuuliza kwanza.

"Hodi," alisema.

Alisema kwa sauti yake ile ya mashine, na mbuzi wa jirani wakainua vichwa. Mwaija alisikia neno hilo likimpita mwilini mwote. Hakuna mtu aliyewahi kumpigia hodi jikoni. Akanyoosha mkono na kusogeza sufuria lisilokuwepo kutoka kwenye moto usiokuwepo.

"Subiri hapo," alisema. "Napakua."

Na Mikidadi akasubiri.